Kupiga Mbizi au Kuelea kwa Mrija? Tahakiki ya Karatasi Moja ya Wageni wa Mafia

Karatasi tunayoihakiki hapa tulikabidhiwa Ndundu, karibu na mahali ambapo zamani abiria wa Kilwa, Lindi na Mtwara walikuwa wakikaa kungojea pantoni iwavushe Mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na pantoni ikakosa kazi. Lakini hata leo mzee wa huko akisimulia safari zake za ujana hasemi "kivuko", husema "pantoni". Twalitaja jambo hili mapema kwa kuwa lagusa hoja yetu. Neno "kivuko" ni zuri na limekwisha kukaa katika maandishi ya serikali, ila lina kazi mbili: ni mahali pa kuvukia, na pia ni chombo cha kuvushia. "Pantoni" lina kazi moja tu. Mtu aliyeogopa kulala ng'ambo na mizigo yake alihitaji neno lenye kazi moja, naye alilipata bila kungojea kamati yoyote.

Aliyetupa karatasi ni mwalimu wa shule ya sekondari. Alikuwa akiandaa safari ya wanafunzi wake kwenda Kisiwa cha Mafia: kwa basi kupitia Ikwiriri na Kibiti, kisha Bungu, kisha Nyamisati, na kutoka hapo kwa chombo hadi Kilindoni. Nia yake ilikuwa wanafunzi waione bahari kwa ndani, si kwa juu tu kama walivyozoea. Alikuwa ameletewa karatasi ya kurasa mbili yenye maelezo na masharti kwa wageni wanaoingia majini kutazama samaki, kasa na matumbawe, upande mmoja kwa Kiingereza na upande wa pili kwa kile ambacho mfasiri alikusudia kiwe Kiswahili. Jina la mwenye karatasi hatulitaji, maana makosa yake si yake peke yake. Mwalimu alitusalimu, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo: "Ndugu zangu wa lugha, watoto hawa wapige mbizi au wasipige?"

Tukasoma. Ukurasa wa kwanza wasema: "Kupiga mbizi hakuhitaji mafunzo yoyote, kila mgeni anaweza kushiriki." Ukurasa wa pili wasema: "Kupiga mbizi bila cheti ni marufuku kabisa." Tulipogeukia Kiingereza tuliona kwamba hapakuwa na mgongano wowote. Mwandishi wa awali alitumia maneno mawili kwa mambo mawili. La kwanza ni kule kulala kifudifudi juu ya maji, uso umezamishwa, macho yamekingwa kwa miwani, na pumzi yavutwa kwa mrija mfupi uliotokeza juu. La pili ni kushuka chini kabisa na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa mgongoni. Mfasiri aliyatia yote mawili katika kapu moja la "kupiga mbizi", na kapu likapasuka.

Hili si jambo la kuchekesha. Anayevuta hewa ya mtungi akiwa chini huvuta hewa yenye mgandamizo mkubwa kuliko ya juu; kila mita kumi za kina huongeza mgandamizo kwa kiasi cha ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Akipanda upesi huku amebana pumzi, hewa hutanuka ndani ya mapafu na kuyapasua. Kwa sababu hiyo cheti hutakiwa. Anayeelea na mrija hana hatari hiyo. Hatari zake ni nyingine, kama kuchukuliwa na mkondo au kunywa maji. Basi karatasi inayosema kwamba kupiga mbizi hakuhitaji mafunzo yaweza kumpa kijana ruhusa ya kujivika mtungi, na inayosema kwamba kupiga mbizi bila cheti ni marufuku yaweza kumnyima mtoto wa shule haki ya kuyaona matumbawe ya nchi yake. Mwalimu wetu alikuwa karibu kuifuta safari nzima.

Tuangalie basi neno lenyewe. Kupiga mbizi ni kujitosa na kuzama chini ya maji kwa pumzi uliyoishika. Mtoto yeyote aliyekulia ukingoni mwa Rufiji ajua hivyo kabla ya kujua kusoma, na ajua pia kwamba kuelea si mbizi. Aliyelala juu ya maji hakupiga mbizi hata kama uso wake umelowa. Kwa hiyo twasema kwamba mbizi ibaki na kazi yake: ni ya mwenye kushuka. Anayeshuka na mtungi aitwe apigaye mbizi kwa mtungi, na kitendo kiitwe "kupiga mbizi kwa mtungi". Anayebaki juu apewe neno jingine.

Neno gani? Wenzetu wawili katika mjadala wetu walitaka tukope, tuandike "snokeli", na sababu waliyoitoa si dhaifu: Waingereza wenyewe walilikopa kwa Wajerumani, ambao kwao lilikuwa jina la bomba la kuvutia hewa katika nyambizi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kama Mwingereza hakuona haya kukopa, sisi tuna haya gani? Hatuna haya. Kiswahili kimekopa meza na shule na pantoni, na hakikufa. Lakini mkopo una faida pale ambapo kitu ni kigeni na hakina sura ya kukielezea. Hapa sura ipo. Kitu chenyewe ni mrija, na kila anayekunywa dafu au soda ajua mrija ni nini. Kitendo chenyewe ni kuelea. Twapendekeza "kuelea kwa mrija", na chombo kiitwe "mrija wa kupumulia". (Neno "nyambizi", twasema kwa kupita tu, lina mbizi ndani yake waziwazi, aliyelisanifu alijua kwamba chombo hicho huzama. Laiti mfasiri wetu angelitafakari neno hilo dakika moja.)

Karatasi yenyewe yauita mrija huo "bomba la hewa". Twalikataa jina hili kwa nguvu zaidi kuliko tulivyokataa lile la kwanza. Katika Kiswahili bomba ni mfereji wa kupitishia kitu, na pia ni kile kinachosukuma: bomba la baiskeli, bomba la kuvutia maji kisimani. Mwanafunzi akiambiwa anapewa bomba la hewa atadhani kuna hewa inayosukumwa imfikie, na kwamba akishuka itamfuata. Haimfuati. Mrija huu una urefu wa sentimita thelathini au arobaini tu, wala hauwezi kurefushwa hata mita moja na mvutaji akavuta, kwa kuwa maji huugandamiza uso wa kifua kwa nguvu ambayo misuli ya kupumulia haiwezi kuishinda. Jina "mrija" laonyesha udogo na unyonge wa kitu chenyewe, "bomba" laficha.

Kuhusu neno "wazamiaji", tulicheka, na tunaomba radhi kwa kucheka. Karatasi yaagiza: "Wazamiaji wote wajiandikishe kwa nahodha kabla ya chombo kuondoka." Zamani kuzamia ilikuwa kazi ya heshima, na mzamia lulu alijulikana pwani nzima. Lakini katika bandari zetu mzamiaji siku hizi ni mtu aliyejificha melini ili afike ng'ambo bila nauli wala pasi. Mzamiaji wa namna hiyo hawezi kujiandikisha kwa nahodha. Akijiandikisha si mzamiaji tena. Hatusemi kwamba neno limekufa kwa maana yake ya kwanza. Twasema tu kwamba mfasiri anapolitumia ndani ya chombo cha abiria, na atazame nani anamsikiliza.

Tuje kwenye kichwa cha habari cha karatasi: "Kuogelea na Wanyamapori wa Baharini". Hapa pori limepelekwa baharini. Neno "wanyamapori" ni la kisheria na la kiofisi, limefanya kazi nzuri katika mbuga na misitu, na hatulilaumu. Lakini pori ni nchi kavu yenye vichaka, na hakuna kasa anayekaa kichakani. Mfasiri aliona neno moja la Kiingereza, akakumbuka neno moja la Kiswahili linaloandikwa kwenye milango ya ofisi, akayaunganisha. "Viumbe wa baharini" latosha kabisa. Hata "wanyama wa baharini" lina taabu yake, maana wavuvi wengi humwita nguva samaki, na pomboo vilevile, kwa kuwa wote huingia wavuni. Mwalimu wa elimu ya viumbe atawafundisha wanafunzi kwamba nguva hunyonyesha na huvuta hewa, na atakuwa na haki; lakini kichwa cha habari si mahali pa kuanzisha ugomvi na mvuvi.

Sasa tufike kwa kiumbe aliyemfanya mwalimu atake kusafiri. Samaki huyu, ambaye wataalamu humwita Rhincodon typus, ndiye mkubwa kuliko samaki wote duniani; apitaye mita kumi na mbili si hadithi. Alielezwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi na Andrew Smith mwaka 1828, kutokana na mmoja aliyechomwa chusa huko Table Bay, Afrika Kusini. Ana mdomo mpana, mgongo wenye madoa meupe yaliyopangika, na hula vitu vidogo vya ajabu kwa ukubwa wake, kama uduvi na mayai ya samaki, kwa kuyachuja maji. Huonekana karibu na Kilindoni hasa kuanzia Oktoba hadi Machi. Waingereza walimwita kwa jina linalomlinganisha na nyangumi kwa sababu ya ukubwa wake. Karatasi yetu yamwita "papa nyangumi".

Palikuwa na mzee mmoja, mvuvi wa huko delta, ameketi karibu nasi akingoja gari. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee." Akajibu, "Marahaba wanangu." Tukamwuliza kama amepata kumwona papa nyangumi. Akafikiri, kisha akasema: "Wanangu, ama ni papa, ama ni nyangumi. Hao hawaoani." Tukamweleza madoa, mdomo, na ule upole wake wa kuelea karibu na nyavu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepotezewa muda. "Huyo ni potwe. Si mngesema potwe."

Hatuna budi kuwa waadilifu kwa mfasiri. Kwa umbo, "papa nyangumi" si kosa la sarufi. Kiswahili huunda majina ya papa kwa njia hiyo hiyo: papa upanga ni papa mwenye pua kama upanga. Tofauti ni kwamba upanga huonekana usoni mwa papa huyo, na nyangumi haonekani popote kwa potwe isipokuwa katika fikra za mtu aliyemtazama kwa jicho la Kiingereza. Aidha Wakenya humwita papa shilingi, kwa madoa yake yanayofanana na sarafu zilizomwagwa mgongoni. Hilo nalo ni jina lililotoka kwa mwenye macho. Pwani yetu basi ina majina mawili ya haki kwa samaki huyu mmoja, na mfasiri akaenda kutafuta la tatu.

Katika mjadala wetu palizuka swali kama "papa potwe" si jina la lahaja lisilostahili kupewa cheo cha usanifu. Twajibu kwamba hoja ya lahaja ina nguvu pale ambapo lugha sanifu ina neno lake tayari. Hapa haina, ina tafsiri ya neno la Kiingereza tu. Mji wa Kilindoni wenyewe wamtangaza kwa wageni kwa jina la papa potwe, na jina hilo lasikika kwa wavuvi, kwa watumishi wa hifadhi na kwa watoto. Kamusi iweke "papa potwe" kuwa kidahizo, na "papa shilingi" kuwa kisawe chenye alama ya Kenya. "Papa nyangumi" lisiwekwe.

Mtumishi wa serikali anayesoma kurasa hizi huenda akasema kwamba haya ni mambo ya watalii. Sivyo. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kanuni nyingi za bahari, zikiwamo zile zilizojengwa juu ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, zitasomwa kwa Kiswahili mbele ya watu ambao riziki yao imo humo. Siku mvuvi wa delta atakaposomewa shtaka lenye jina la samaki ambaye hajapata kumsikia, mahakama itakuwa imezungumza naye kwa lugha yake, naye hatakuwa ameelewa. Na tukiwa tumeitaja sheria hiyo, tuisifu: "maeneo tengefu" ni istilahi safi. Imetoka katika "tenga", haimtishi mtu, na hata asiyesoma anapoisikia huelewa kwamba kuna sehemu iliyowekwa kando.

Turudi kwenye masharti. Sharti la tatu lasema: "Usimfukuze papa. Weka umbali wako wa mita tatu." Sentensi ya pili ni Kiingereza kilichovaa kanzu, Mswahili husema "kaa mbali naye, pasipungue mita tatu". Lakini sentensi ya kwanza ndiyo yenye ila kubwa, na ni ila ya kujificha. Kufukuza ni kumtoa mtu mahali: mbwa amefukuzwa jikoni, mfanyakazi amefukuzwa kazi. Ni kweli pia kwamba twasema polisi wamemfukuza mwizi, yaani wamemkimbilia nyuma. Mgeni aliye majini, papa akimjia, atasoma "usimfukuze" kwa maana ya kwanza na kutulia pale pale, asimpishe. Kilichokusudiwa ni kinyume chake: asimkimbilie nyuma. "Usimwandame" ndilo neno. Kuandama ni kumfuata kiumbe asiyetaka kufuatwa, na neno hilo lina lawama ndani yake ambayo Kiingereza cha karatasi hakina. Hapa tafsiri ingeweza kuupita uasili.

Sharti la tano latutia wasiwasi zaidi kuliko yote, ingawa maneno yake ni mepesi: "Usikanyage mwani, ni chakula cha nguva." Nguva ni kiumbe adimu. Hapa Tanzania wachache waliobaki wako hasa katika eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa, ambalo mwaka 2004 liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu. Chakula chake si mwani. Nguva hula nyasi za baharini, mimea yenye mizizi, majani na maua, inayoota mchangani mahali penye maji haba. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Na mwani, tangu miaka ya mwisho ya 1980, ni zao: hufungwa kambani, hukaushwa, huuzwa, na mara nyingi wakulima wake ni wanawake. Mkulima wa mwani akisomewa kwamba nguva hula mwani, ataelewa kwamba kuna mnyama mkubwa wa kilo mamia anayekuja usiku kula shamba lake. Je, atamlinda? Neno moja lililowekwa ovyo laweza kumpa adui kiumbe ambaye karatasi nzima ilikusudia kumpatia marafiki. "Nyasi bahari" ndiyo istilahi tunayoishauri, nayo imekwisha kuanza kutumiwa na wataalamu wetu wa bahari. (Kasa wa kijani hula nyasi hizo na mwani pia, kwa hiyo mfasiri asitafute kanuni moja ya kuwatumikia wote.) Tena neno "nguva" lina mzigo wa ziada: wafasiri wa hadithi za watoto wamelitumia kwa yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, hata mwanafunzi mmoja wa mwalimu wetu aliuliza kama nguva wapo kweli.

Kuhusu matumbawe tutasema machache. Karatasi yaandika "mawe ya baharini", na mtu akiona jiwe hulikanyaga, maana ndiyo kazi ya jiwe. Pwani yetu imejenga nyumba kwa mawe yaliyochimbwa matumbaweni kwa karne nyingi, kwa hiyo tabia ya kuliona tumbawe kuwa jiwe ina chanzo chake. Lakini tumbawe lililo hai ni kundi la vijinyama vidogo sana, na maji yakipata joto mno hupoteza rangi, kama ilivyotokea sehemu nyingi za Bahari ya Hindi mwaka 1998. Wataalamu huita hali hiyo "kupauka". Hilo ni neno zuri. Ngozi iliyokosa mafuta hupauka, na kila mama ajua kupauka si dalili ya afya. Iandikwe "matumbawe hai", na karatasi itakuwa imefundisha kwa maneno mawili.

"Koti la maisha" lifutwe bila mjadala. Ni jaketi la kuokolea, au, kama wasemavyo mabaharia wengi, boya. "Mkondo wa sasa", linalotokea mara mbili ukurasa wa pili, latufanya tushuku kwamba mfasiri hakuwa mtu bali mashine, maana hakuna mtu aliyewahi kuvutwa na maji ya Chole akaita kilichomvuta "sasa".

Liko jambo moja ambalo hatukuafikiana, nasi twaliacha wazi kwa wasomaji. Vile viatu vya mpira vyenye umbo la pezi, ambavyo muogeleaji huvaa ili kujisukuma, karatasi yaviita "mapezi". Matokeo yake ni sharti la saba: "Usiguse mapezi, angalia mapezi yako yasimguse papa mapezi." Baadhi yetu wanataka "viatu vya pezi", wengine wanaona kwamba kitu kisicho na kisigino cha kusimamia hakistahili kuitwa kiatu. Mzee wa delta tulimwuliza pia. Alisema kwamba yeye huogelea peku.

Mwalimu alichukua nakala tuliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu, sharti la saba likiwa tupu. Wanafunzi wake wataelea kwa mrija.